Jina Kutoka Kuala Lumpur

Ndugu yangu Kipketer alirudi kutoka vitani Malaya siku ya Jumanne, mwaka wa 1953, nami nilikuwa nafua nguo. Jua lilikuwa la kawaida. Upepo wa Ziwa Elmenteita ulileta ile harufu ya magadi tuliyoizoea, na vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi lilikuwa limeanza kutua juu ya nguo nilizokwisha kuanika. Nilikuwa nikigombana na vumbi hilo nilipoona mwanamume mwenye kofia ya jeshi akishuka kutoka barabara kuu na sanduku la bati kichwani. Nilimjua kwa mwendo.

"Chepngeno! Mwaka na nusu nimezunguka dunia, na wewe bado unafua shati ile ile?"

"Na wewe mwaka na nusu hujapata suruali ya kukufika miguuni?" nilimjibu.

Alicheka mpaka ikabidi aweke sanduku chini. Mke wake, Chepkurui, alitoka ndani na unga mikononi, akasimama tu. Ilikuwa siku njema. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Mimi ni dada yake mkubwa. Mume wangu alifariki mapema, hatukupata mtoto, na nilipata kazi ya kugeuza matofali ya ule udongo mweupe kwenye vichanja ili yakauke. Kwa kazi hiyo nilipewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi, ya mwisho kabla ya genge, pale ardhi inapoporomoka. Humo nilikaa na Chepkurui, na nyanya yetu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Kogo. Nilisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, nikabatizwa, na tangu hapo sijakosa ibada ila kwa ugonjwa.

Wapo watu wanaosema ndugu yangu alirogwa na jirani mwenye wivu. Wengine wanasema ni malaria tu. Hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na nitaeleza nilichoona. Jambo moja tu nitaliacha. Kuna jina katika habari hii ambalo sitaliandika, wala sitalitamka mpaka nifukiwe.

Kipketer aliandikwa kazi machimboni wiki ile ile. Alichimba kwa sururu ndani ya handaki pamoja na Dalmas, Mjaluo aliyekuwa naye katika kikosi kimoja. Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye ukuta wa nyumba yetu, na ndugu yangu akatueleza habari za Kuala Lumpur.

Juu ya vita hakusema lolote. Walikaa mwituni miezi mingi wakisaka watu, na aliporudi akakuta hapa nyumbani pia pametangazwa hali ya hatari, pasi mfukoni na vizuizi barabarani hadi Gilgil. Juu ya hayo mawili alinyamaza. Lakini mji ule, ambako walipelekwa likizo mara tatu, aliusema kama mtu anavyomsema rafiki.

Alisema mji huo umezaliwa mahali mito miwili inapokutana, maji yake mazito kama chai ya maziwa, na kwamba hata jina lake kwa lugha ya huko lina tope ndani yake. Kwenye ulimi wa nchi katikati ya mito hiyo kuna msikiti wa matofali mekundu na meupe, umezungukwa na minazi. Kituo cha gari la moshi kina kuba na minara, utadhani sultani mwenyewe ndiye anakata tikiti. Kuna uwanja wa majani mabichi ambapo Wazungu hucheza mpira wa gongo mbele ya klabu yao. Ng'ambo ya mto kuna mitaa ya Wachina, duka chini na watu juu, na mbele ya maduka yote inapita baraza yenye paa, ukatembea mtaa mzima usinyeshewe. Na huko mvua hunyesha kila alasiri, kana kwamba imeajiriwa. Wamalai, Wachina, Wahindi, kila mmoja na sufuria yake barabarani.

"Kama Nakuru," Chepkurui alisema.

"Nakuru!" Dalmas alipiga kofi gotini. "Shemeji, Nakuru ukiwasha kiberiti upande huu, umeiona yote."

"Wewe Dalmas, kwenu hata kiberiti hakuna," Kogo alisema, na Dalmas akacheka kuliko sote.

"Lakini ni mji wa watu wabishi," Kipketer aliendelea. "Umekataa kufa."

Habari hizo alizipata kwa mzee Mchina aliyeuza chai kando ya mto na kujua Kiingereza cha kutosha. Mzee alisema kwamba karibu miaka mia moja iliyopita, wachimba bati themanini na saba walipanda mto ule kwa mashua, wakizisukuma kwa miti mirefu. Walishuka kwenye lile tope kwa sababu mashua hazikuweza kwenda mbele zaidi. Hapakuwa na mji. Palikuwa na msitu. Kabla ya mwezi kwisha, homa ilikuwa imeua sitini na tisa. Waliobaki walizika wenzao asubuhi na mchana wakarudi kuchimba. Wakaletwa wengine. Baadaye mji ukapiganiwa ukaharibiwa, wakajenga. Moto ukala zile nyumba za miti na makuti, na mafuriko yakafagia mengine, wakajenga tena, safari hii kwa tofali na vigae.

Na mzee yule alikuwa na wajibu wa peke yake. Babu wa baba yake alikuwa mmoja wa wale kumi na wanane waliopona. Rafiki wa babu huyo alikufa ndani ya mwezi ule wa kwanza, kijana, hana mke, hana mtoto, hana kaburi lijulikanalo. Basi ukoo wa mzee uliahidi kumwita jina lake mara moja kila mwaka na kumwekea wali kando ya mto, ili asitangetange. Sasa mzee mwenyewe alikuwa akikohoa damu, naye hakuzaa.

"Nikifa mimi," alimwambia ndugu yangu, "hakuna mtu duniani atakayemwita."

"Nifundishe hilo jina," Kipketer akasema. "Nitamwita mimi."

Ndugu yangu alikuwa mtu wa huruma. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote.

* * *

Mwezi wa tatu mwaka wa 1954 Chepkurui alijifungua mtoto wa kiume. Kwa kuwa alizaliwa siku majirani walipokuwa wakinywa pombe ya harusi, akaitwa Kimaiyo. Lakini kwetu hilo ni jina la kuitiwa uji tu. Jina lenyewe hutafutwa na wanawake. Hukaa na mtoto, wakamgusisha ugoro puani, wakaita majina ya wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Mtoto akipiga chafya, yule aliyeitwa wakati huo ndiye aliyekubali. Amerudi ndani ya mtoto, na atamlinda. Wanawake wote hucheka kwa sauti, na kazi imekwisha.

Kanisa letu lilikataza kuita wafu, nami nilikubaliana na kanisa. Siku hiyo sikuingia. Nilikaa nje kwenye mafiga nikikoroga uji. Kipketer alikuwa nyuma ya ukuta akinoa panga, maana wanaume hawaingii.

Nilimsikia Kogo akianza. Aliita baba yetu. Kimya. Aliita babu. Kimya. Aliita ndugu wa babu, wale waliokufa kwa njaa, yule aliyeuawa na nyati, hata yule mwizi wa ng'ombe ambaye huwa hatajwi. Mtoto alitazama tu. Jua lilipanda. Uji ulipoa. Wanawake walianza kunong'ona, na sauti ya Kogo ikakauka.

"Wamekwisha," nilimsikia akisema. "Hakuna anayemtaka huyu."

Nilimsikia Chepkurui akianza kulia.

Ndipo Kipketer akasema kwa sauti kupitia ukutani, nusu utani, nusu kumfariji mkewe, "Basi jaribuni rafiki yangu wa Kuala Lumpur." Na akalitaja lile jina.

Mtoto akapiga chafya.

Wanawake wakacheka, kama desturi. Hata mimi huko nje nilicheka kwa kuwa moyo ulikuwa umetulia. Kisha kicheko kikakatika ghafla, wote pamoja.

"Kipketer," Kogo aliita. "Huyo ni nani?"

"Ni mtu wa mbali, Kogo. Alikufa zamani."

"Wa ukoo gani?"

"Hana ukoo."

Kogo akasema polepole, "Sasa anao."

* * *

Mtoto hakulia siku ile. Hakulia kesho yake. Alinyonya, akalala, na alipokuwa macho alitazama mlangoni. Kila saa sita ya mchana alitokwa na jasho mwili mzima, hata shuka ikawa ya kukamuliwa, kisha akakauka. Kogo alisema ni mgeni anazoea nyumba.

Akaanza kumwekea chakula. Kikombe cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, na kipande cha ugali, kila saa sita, kwenye kizingiti. "Ameitwa, amekubali," aliniambia. "Mtu wa ukoo halali njaa."

Maziwa yale hayakuguswa na kuku wala mbwa. Jioni nilikuwa nayamwaga, na kila siku kikombe kilikuwa baridi kama kimetoka kisimani.

Siku ya sita baada ya jina, Dalmas alinijia kwenye vichanja. Hakuwa na utani.

"Dada, ndugu yako anagonga ukuta."

"Ukuta gani?"

"Mwisho wa handaki. Anagonga kwa mpini wa sururu, mara tatu, halafu anatega sikio. Nikamwambia, Koplo, unaongea na panya? Nyuma ya hapo ni mlima mtupu." Alishusha sauti. "Dada, mimi nikaweka sikio pia. Naapa kwa mama yangu. Wakamjibu."

"Nani?"

"Walijibu kwa majembe. Mengi."

Siku ya tisa Kipketer alishikwa na homa. Kwetu kuna baridi, mbu ni wa kutafuta. Dresa wa dispensari alimpima damu, akashangaa, akasema ni malaria ya nchi za joto, huenda aliitoa mwituni Malaya. Akampa dawa. Ndugu yangu alitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukutani.

Siku ya kumi na nane nilikaa naye mchana. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alinishika mkono.

"Hana ubaya," alinong'ona. "Ana njaa tu."

"Usimtaje."

"Simtaji. Chepngeno, sikiliza. Anauliza kitu."

"Anauliza nini?"

"Wenzake. Wale sitini na wanane." Aligeuza macho mlangoni. "Wanauliza kama hapa kuna nafasi."

Alikufa kesho yake saa sita. Mtoto, aliyekuwa mgongoni kwangu, alikuwa akitoka jasho. Lilinipenya nguo likafika ngozini.

Tulimzika asubuhi. Mchana nilirudi kwenye vichanja kugeuza matofali. Mnyapara aliniambia niende nikapumzike. Nikamwambia wapo watu waliofanya hivi kabla yangu, wakapata mji.

* * *

Sikujifanya sijui kilichokuwa kikifuata. Mwezi ulikuwa haujaisha.

Nilimwambia Kogo tuite majina upya, kwa kuwa mtoto akisumbuka sana desturi yenyewe inaruhusu. Nilimwambia hivyo mimi, mwana wa kanisa. Alijaribu siku mbili. Ugoro ulimwingia mtoto puani akabaki kututazama kama mtu mzima anayengojea watoto wamalize mchezo.

"Huyu ameshika," Kogo alisema. "Mgeni ukishamwita, utamfukuza kwa mdomo gani?"

"Kwa huu."

"Wewe umeokoka. Mdomo wako haumjui."

Nikaacha, nikaenda kwa mwinjilisti wetu, Hezekiah Kosgei, mtu mwema mwenye watoto tisa. Alikuwa akipanda viazi.

"Mbatize huyu mtoto leo," nilimwambia.

"Dada Chepngeno, ubatizo si dawa ya homa. Mchungaji anakuja mwezi ujao, tutampeleka pamoja na wengine."

"Mwezi ujao atakuwa na nani ndani yake?"

Alinitazama, na nikaona amesikia maneno ya kambini. Alipangusa mikono. "Tutaomba," alisema, lakini hakusogea karibu na mtoto. Sikumlaumu. Ana tisa.

Siku ya ishirini na saba Chepkurui alianza kutetemeka.

Siku ya ishirini na nane, Kogo.

Siku ya thelathini niliamka nikaomba kwa muda mrefu. Sikumwomba Mungu aniondolee hofu. Nilimwomba anipe maneno. Niliwapa wagonjwa maji, nikafagia uwanja, nikavaa nguo yangu ya kanisani. Kogo alinitazama kutoka kitandani.

"Weka maziwa, mtoto wangu. Saa inafika."

"Leo sipiki na siweki."

"Atakasirika."

"Akasirike."

Kwetu, dada wa baba huitwa senge, na senge ana neno juu ya watoto wa ndugu yake. Akiwabariki, wamebarikiwa. Akikataa, hata baba mzazi huogopa. Mimi sikuwahi kulitumia neno hilo, nikidhani ni mambo ya kale. Siku hiyo nilimchukua Kimaiyo, nikakaa naye kwenye kizingiti, miguu yangu nje, nikauziba mlango kwa mwili wangu.

Kuku walinyamaza.

Mwezi wa nne, saa sita, pale kwetu mtu hukanyaga kivuli chake. Jua liko utosini. Mti hauna kivuli, nyumba haina kivuli. Uwanja ulikuwa mweupe wote, ukiumiza macho.

Kivuli kimoja kilikuwa uwanjani. Kirefu.

Kilitoka upande wa genge, kikaja mpaka hatua tatu kutoka miguuni kwangu. Kilikuwa cha mtu mwembamba mwenye kofia pana kama ungo. Nilitazama pale ambapo angepaswa kusimama.

Hapakuwa na mtu.

Mtoto alianza kutoka jasho.

Kivuli cha pili kikatokea nyuma ya cha kwanza. Cha tatu. Kisha sikuhesabu. Vililala bega kwa bega toka genge hadi kwangu, kofia kwa kofia, mpaka uwanja ukawa mweusi wakati wa mchana mweupe. Nilisikia harufu ya tope la mto. Hatuna mto wa tope.

Lakini niliongea.

"Naitwa Chepngeno. Mimi ndiye senge wa mtoto huyu. Hapa hakuna nafasi."

Hakuna kilichosogea.

"Najua mna njaa. Najua mlikufa vibaya. Lakini ninyi mliuliza swali kwa ndugu yangu, na ndugu yangu hakuwajibu kwa sababu alikuwa na huruma. Mimi nitawajibu. Mnaomba nyumba kwa maskini, na mnayo yenu. Mlikufa mapema, hamkuiona. Yeye aliiona."

Nikawaeleza. Sijawahi kufika mahali pale, wala sitafika, lakini niliusema mji ule kama alivyousema Kipketer. Niliwaambia lile tope lina msikiti sasa, mwekundu na mweupe, na minazi pembeni. Niliwaambia juu ya kituo cha gari la moshi na kuba zake. Niliwaambia kwamba wenzao kumi na wanane hawakukimbia. Walichimba, wakazaa, wakajenga, wakachomewa, wakajenga tena. Niliwapitisha kwenye ile baraza yenye paa, duka kwa duka, mshona nguo, muuza dawa, muuza chai. Niliwaambia mvua inanyesha kila alasiri na hakuna anayelowa. "Kila tofali pale limesimama juu yenu," niliwaambia. "Mji huo ni wenu kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Kwa nini mnagombea nyumba ya bati ya mjane? Nendeni mkakae mlikokufia. Mmekwisha kupalipia."

Sijui niliongea muda gani. Sauti iliniisha, nikaendelea kwa kunong'ona.

Vivuli vya nyuma vikaanza kupauka. Kofia moja. Kofia nyingine. Uwanja ukarudi kuwa mweupe kutoka upande wa genge.

Kimoja hakikuondoka.

Hicho kilikuwa kimesogea. Ukingo wa ile kofia ulikuwa umegusa vidole vya miguu yangu, na vidole vikafa ganzi. Huyu hakuja bila mwaliko kama wengine. Huyu aliitwa. Alipewa ahadi.

"Wewe," nilisema. "Ndugu yangu alikuahidi kukuita. Alikuita. Umekula maziwa yetu siku ishirini na tisa. Umemchukua yeye. Ahadi imekwisha. Mtoto hakuahidi kitu."

Ukingo ukapanda kwenye unyayo.

"Nakukataa. Mimi senge nakukataa, na Mungu wangu ananisikia nikikukataa."

Ukafika kwenye kifundo cha mguu. Kimaiyo alikuwa mzito mapajani kwangu, mzito kama mtu mzima, na alikuwa akikitazama kivuli kile. Akatabasamu. Mtoto wa mwezi mmoja.

Basi nikafanya nililokatazwa. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mfu mmoja ambaye Kogo hakuwahi kumwita, kwa kuwa siku ya kwanza alikuwa bado hai, na baadaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitamka jina lake. Sikuwa na ugoro. Nilichota vumbi la kizingiti kwa kidole, nikamgusisha puani.

"Kipketer!" niliita. Sikunong'ona. Niliita kama nilivyomwita tukiwa watoto, ng'ombe wamepotea na jua linazama. "Kipketer! Njoo umchukue mwanao!"

Mtoto akapiga chafya. Mara moja, mara mbili.

Kisha akalia. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, akalia kwa hasira, mdomo wazi, ngumi juu, kama mtoto yeyote mwenye njaa. Ndani nilisikia Chepkurui akiuliza kwa sauti dhaifu, "Nani huyo analia?" Na Kogo, mgonjwa kama alivyokuwa, akacheka kile kicheko cha desturi.

Nilipotazama chini, kivuli pekee kilichokuwapo kilikuwa changu, kidogo, chini yangu.

* * *

Chepkurui alipona. Kogo alipona, akaishi miaka mitatu zaidi. Dalmas aliacha handaki, anasukuma toroli siku hizi. Habari ilimfikia Hezekiah kwamba nimeita mfu, na baraza la kanisa likanitenga na meza ya Bwana kwa miezi sita. Nilikaa benchi la nyuma miezi yote sita, nikaimba kwa sauti kuliko wote. Kama nilikosa, nitaulizwa na Mungu, nami nitamjibu nikiwa nimesimama. Mtoto alibatizwa mwaka uliofuata.

Nilidhani ndiyo mwisho.

Lakini asubuhi ya pili baada ya siku ile, hatua tatu kutoka kizingiti, ardhi ilikuwa imebonyea. Halikuwa shimo. Ni bonde dogo tu, refu kuliko upana wake, kina cha kiganja, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kamba. Hapakuwa na udongo uliotolewa. Lilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nikalijaza, nikalishindilia, nikalisahau.

Baada ya mvua za mwaka wa pili likabonyea tena. Lilikuwa limerefuka. Nikajaza. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Watu walisema ni maji yanapita chini, au handaki la zamani limelegea. Mnyapara aliniletea fundi akapima, akasema chini ni mwamba mzima.

Sikuwahi kulipima kwa kamba. Sikutaka kujua. Lakini mwezi uliopita Kimaiyo, ambaye sasa ana miaka mitano, alikuwa akicheza uwanjani. Nilipotoka na beseni la nguo nilimkuta amejilaza chali ndani ya bonde lile, mikono kifuani, akitazama mawingu. Utosi wake uligusa ukingo mmoja. Nyayo zake zilifika ukingo wa pili. Hapakubaki nafasi ya hata kidole.

"Senge," aliniambia, "linanitosha."

Nilimtoa nikamchapa. Kisha nikamkumbatia. Kisha nikaenda kutafuta mawe.

Watu wananishauri nihame, nirudi kwetu au niende Bahati ambako kuna vibarua vya mashamba. Sihami. Kaburi la ndugu yangu liko hapa, na mlango huu niliuziba mara moja kwa mwili wangu na bado ninao mwili. Bonde lile lina kina cha kiganja tu, kila mtu anaweza kuja kuona. Kuanzia Jumatatu nimemwaga ndani yake toroli kumi na moja za mawe. Halijajaa. Kesho Dalmas ataniletea nyingine.